Nafasi, Mwanya na Mpishano: Uhakiki wa Tafsiri ya Mwongozo wa Kubadilisha Injini

Mfasiri wa mambo ya ufundi ana msomaji ambaye mfasiri wa riwaya hana. Msomaji wa riwaya akikuta neno lisilofaa hukunja uso, akaendelea. Msomaji wa mwongozo wa gereji hulitenda neno hilo kwa spana, na kama neno lilikuwa baya, ubaya wake huonekana barabarani. Tumeona vema kuanza na jambo hili kwa sababu makala haya yanahakiki tafsiri ambayo kwa sarufi haina kosa kubwa, na ambayo mtu aliyekaa mezani angeipitisha bila wasiwasi, kama sisi wenyewe tulivyokaribia kuipitisha.

Tafsiri yenyewe ni kurasa kumi na nne zilizochapwa na kurudufiwa, bila jalada. Inaeleza namna ya kutoa injini iliyochakaa katika gari na kufunga nyingine ya aina tofauti. Na sehemu yake iliyo ndefu kuliko zote yahusu matatizo yanayozuka baada ya injini kukaa, yaani vitu kugusana, kubanana, au kukaribiana mno na joto la ekzosi. Ililetwa kwetu na mwalimu wa ufundi aliyeikuta ikitumika katika gereji moja mjini Same, nasi tukaenda huko kuisoma mbele ya mafundi, ukurasa kwa ukurasa. Mfasiri hatumtaji, wala wale walioitoa. Kazi yake ni ya mtu mwenye bidii, na makosa tutakayoyaonyesha ni yetu sote.

Kwa nini Same? Mji huo upo kwenye barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha, chini ya milima ya Upare Kusini, ambayo kilele chake, Shengena, kinafika mita 2,462. Kutoka tambarare ile kavu yenye miiba, barabara za udongo hupanda kwa kujipinda kwenda Mbaga, Mamba, Suji, Vudee na vijiji vingine ambako mvua ni nyingi na mashamba yamebanana. Kinachoshuka ni tangawizi, ndizi na maharage. Kinachopanda ni saruji, mabati, sukari na abiria. Kwa miaka mingi gari lililoaminiwa katika njia za namna hiyo ni Land Rover, hasa ile ndefu yenye inchi 109 toka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Uundaji wa mkupuo wa tatu wa gari hilo ulikoma mwaka 1985. Bodi yake ni ya aluminiamu, hailiwi na kutu upesi. Chesesi huchomelewa, ikachomelewa tena. Lakini injini huchoka, na spea zake zikawa adimu. Basi mwenye gari hununua injini ya dizeli iliyokwisha kutumika, ya Toyota, Nissan au Isuzu, akamkabidhi fundi aifunge.

Hapo ndipo kazi inapoanza, kwa maana injini hiyo haikuundwa kwa ajili ya chumba kile. Fundi akiisogeza mbele, feni inaikaribia rejeta. Akiirudisha nyuma, giaboksi inasukumwa nayo propela inakuwa ndefu kuliko inavyotakiwa. Akiinyanyua, boneti haifungi. Akiishusha, sampu inaikaribia difu ya mbele. Na gari likiingia shimoni, springi zikabonyea, ekseli hupanda na kuigonga sampu kwa chini. Filta ya oili hugusa chesesi. Bomba la ekzosi hupita jirani na usukani au jirani na bomba la breki. Mara nyingi fundi huruka majivu akakanyaga moto. Dawa anazojua ni kuhamisha mauntingi za injini au kuweka washa chini yake. Kukata sampu na kuichomelea upya kwa umbo jingine. Kuihamishia filta mahali pengine kwa kutumia mipira. Kuondoa feni inayozungushwa na mkanda na kuweka ya umeme. Kila dawa huponya upande mmoja na pengine kuumiza upande mwingine, ndiyo maana mwongozo ulihitajika.

Kiingereza kina neno moja kwa mambo yote hayo. Ni neno lile lile ambalo makarani wa forodha hulitumia kwa kibali cha kutolea mzigo bandarini, nalo limekwisha kuingia mitaani kwa sura ya kliarensi. Mfasiri wetu alilikataa kliarensi, akachagua nafasi, akalishika toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Kwa kanuni ambazo tumekuwa tukizihubiri wenyewe alifanya vema: dhana moja, neno moja, na neno la Kiswahili litangulie la kigeni. Kosa lake, ambalo ni kosa la orodha nyingi za istilahi, zikiwamo baadhi ya zile tulizoshiriki kuzitayarisha, ni kudhani kwamba neno moja la Kiingereza ni dhana moja.

Nafasi ni neno lililobebeshwa kazi nyingi. Ni mahali palipo wazi, ni fursa, ni wasaa, ni cheo kazini, na ni pale ambapo kitu kimewekwa au kinastahili kuwapo, kama mwalimu anapomwambia mwanafunzi arudi kwenye nafasi yake. Katika mazungumzo maana hizi hazigongani, kwa sababu wasemaji wanaonana. Katika mwongozo hugongana. Ukurasa wa tisa wa tafsiri unaanza hivi: "Baada ya kufunga injini, rekebisha nafasi ya sehemu zote." Mfasiri alikusudia uwazi uliopo baina ya sehemu na sehemu. Msomaji anaweza, bila kosa lolote la lugha, kuelewa kwamba anaagizwa kurudisha kila sehemu mahali pake. Tena maana hii ya pili ndiyo iliyo nyepesi, maana mtu akisikia "rekebisha nafasi ya kiti" hafikirii uwazi, anafikiria kiti.

Haya si mambo ya kubuni. Kijana mmoja anayejifunza kazi katika gereji hiyo aliachiwa, akiwa na ukurasa huo mkononi, kumalizia gari lililokwisha kufungwa injini ya dizeli. Alikagua kila kitu. Bomba la breki lilikuwa mahali pake pa tangu zamani, limebanwa kwa vibanio vyake vya kiwandani. Alichokuwa hakukifikiria, na karatasi haikumfikirisha, ni kwamba injini ya zamani ilitoa ekzosi mahali pengine, na hii mpya ilishusha bomba lake la moto kando kabisa ya lile la breki. Havikugusana. Ungeweza kupitisha kidole katikati. Gari likapakia saruji na abiria, likapanda kwa gia nzito karibu saa nzima. Njia ilipoteremka kidogo kuelekea kwenye kijito, dereva alikanyaga breki, pedali ikazama hadi sakafuni. Aliingiza gia ya kwanza na kulilaza gari kwenye ukingo wa mlima. Mama mmoja aliteguka mkono. Wengine waliumia kidogo tu.

Jambo la ajabu ni kwamba baada ya muda pedali ilirudi kuwa ngumu. Mafundi wawili walilitazama gari kwa zamu yao, hawakuona mvujo. Ni wa tatu aliyeliendesha kwanza mlimani, akarudi, akaligusa lile bomba, vidole vikaungua. Fluidi ya breki ilikuwa ikichemka ndani ya bomba. Fluidi iliyochemka hutoa mvuke, na mvuke hukubali kubanwa, kwa hiyo mguu wa dereva ulikuwa ukibana mvuke badala ya kusukuma breki. Bomba likipoa, mvuke hurudi kuwa maji, na ushahidi hupotea.

Tulipomhoji yule kijana alitwambia kwa adabu: "Shikamooni wazee. Mimi nilifuata kilichoandikwa. Kila kitu kilikuwa kwenye nafasi yake." Hatukuwa na la kumjibu. Alisoma Kiswahili akakielewa. Hatusemi kwamba neno moja ndilo lililosababisha ajali, kwa kuwa gari lilipaswa kukaguliwa na fundi mkuu kabla ya kutoka, na breki za zamani za njia moja hazimpi dereva akiba yoyote. Lakini ukurasa ule ndio uliokuwa mahali pa kumwonya, nao haukumwonya.

Tuliposoma tafsiri kwa sauti mbele ya mafundi tulikuwa na daftari, na tuliandika si maoni yao juu ya maneno, bali maneno waliyoyatumia wao wenyewe walipokuwa wakieleza sentensi ileile kwa mwenzao. Njia hii twaipendekeza kwa wafasiri wote. Ukimwuliza fundi "hiki mnakiitaje?" hukupa neno analodhani unalitaka, mara nyingi la Kiingereza. Ukimwacha amweleze mwanafunzi wake, husema lugha yake.

Haya ndiyo tuliyoyasikia. Kuhusu feni: "Hapa feni na rejeta zinapishana, lakini ukikanyaga moto injini inainama, zinakutana." Kuhusu sampu: "Imeachana na difu gari likiwa tupu. Ngoja lipakie." Kuhusu filta: "Imebanana na chesesi, oili ikija kubadilishwa utaitoa na nini?" Kuhusu valvu: "Panga tapeti, acha mwanya." Kuhusu usukani: "Una mchezo." Na kuhusu lile bomba la breki, fundi mzee kuliko wote alisema: "Hivi viwili havilali chumba kimoja. Litenge." Neno nafasi lilitumika pia, lakini katika sentensi za aina moja tu: "Hapa hakuna nafasi ya kuingiza spana." Yaani nafasi kwao ni ya mkono na chombo cha kazi, mahali mtu anapoweza kuingia na kutenda. Uwazi ambao hakuna anayeuingia, uliopo ili vitu viwili visiumizane, hawauiti nafasi.

Msomaji mwangalifu ataona kwamba semi kadhaa kati ya hizo zimejengwa kwa vitenzi vya kauli ya kutendana: kupishana, kukutana, kuachana, kubanana. Hapa ndipo lilipo kosa la ndani la tafsiri tunayoihakiki, nalo halitaondoka kwa kubadilisha nomino moja kwa nyingine. Kiingereza hulipa jina lile pengo, kana kwamba ni kitu. Kiswahili hutaja uhusiano wa vile vitu viwili vyenyewe: vinafanyiana nini. Kitenzi kinapotumika, mambo mengine huja nacho bila kuitwa. Msemaji hana budi kutaja vitu vyote viwili, maana huwezi kusema "feni inapishana" ukanyamaza. Utaulizwa, na nini? Tena huvutwa kutaja hali: likisimama, likipakia, ikichemka, ukikanyaga. Sentensi "hakikisha kuwepo kwa nafasi ya kutosha" imepoteza yote mawili. Baina ya nini na nini? Kutosha wakati gani?

Wakati si jambo dogo katika ufundi huu. Injini imekaa juu ya mipira, nayo hujinyonga dereva anapoongeza moto. Ekseli hupanda na kushuka. Chuma hutanuka kwa joto: bomba la chuma lenye urefu wa mita mbili, joto lake likipanda kwa digrii 400 za selisiasi, hurefuka kwa karibu sentimita moja. Kwa hiyo bomba lililopita salama asubuhi likiwa baridi laweza kulemea ukuta wa chesesi mchana. Fundi aliyezoea hupima mambo haya kwa njia ambazo hazimo katika kurasa zile kumi na nne. Hulinyanyua gari kwa jeki chini ya ekseli ili springi zibonyee, akachungulia sampu. Hupachika nondo kando ya injini na kuisukasuka. Kwa boneti, tuliona wakiweka tonge la udongo wa mfinyanzi juu ya kifuniko cha injini, wakashusha boneti polepole, wakaipandisha tena na kupima unene wa udongo uliobaki. Mfasiri hawezi kulaumiwa kwa kutojua udongo huo. Alaumiwe kwa kuandika sentensi ambayo haimpi msomaji sababu ya kuutafuta.

Sasa tuje kwenye maneno yenyewe. Kwa uwazi mdogo unaopimwa kwa fila geji ndani ya injini, tunapendekeza mwanya, wala hatuoni haja ya mjadala, kwani neno lipo, lajulikana tangu kwenye meno ya binadamu, na mafundi walilitumia bila kuulizwa. Kwa ule ulegevu wa usukani au wa pedali ya klachi kabla haijashika, mchezo latosha. Tofauti ya viwili hivi na nafasi ina faida ambayo tafsiri iliikosa kwa namna ya kuchekesha, kama si ya kuhuzunisha. Katika ukurasa wa tano imeandikwa kwamba nafasi ya valvu iwe milimita 0.25, kipimo ambacho ni sahihi kwa injini ya zamani ya Land Rover ya lita 2.25. Katika ukurasa wa sita, kwamba nafasi ya feni na rejeta iwe milimita 25, ambacho nacho ni kipimo cha busara, karibu inchi moja. Msomaji mmoja aliona nafasi na nafasi, 0.25 na 25, akaamua kwamba nukta imeingia kwa makosa ya mpiga chapa, akaifuta kwa wino. Kama ingaliandikwa mwanya huku, na neno jingine kule, asingalilinganisha.

Neno hilo jingine ndilo lililotuchukua muda. Kwa feni na rejeta, sampu na difu, propela na bomba la ekzosi, yaani kwa chombo kinachokwenda na kile kinachopakana nacho, tunapendekeza mpishano. Asiyezijua njia za Upare huenda asione mara moja kwa nini neno hili lilikuja vinywani mwa watu wale kwa urahisi. Barabara za milimani pale ni nyembamba; upande mmoja ukuta, upande mwingine bonde. Magari mawili hayapishani popote, bali mahali fulani panapojulikana na madereva, na kupishana maana yake si kuwa mbalimbali. Ni kupita karibu sana bila kugusana, huku kila mmoja akijua ukubwa wa mwenzake akiwa na mzigo. Hiyo ndiyo dhana tuliyokuwa tukiitafuta. "Mpishano wa feni na rejeta uwe milimita 25 injini ikiwa inavuta" ni sentensi ambayo fundi aliisikia mara moja, akaitikia kwa kichwa, akarudi kazini.

Tunajua kasoro za pendekezo hili. Kupishana kwa kawaida ni kwa viendavyo viwili, na rejeta haiendi popote. Wenzetu wawili katika kundi letu walishikilia kwamba mwachano lingekuwa neno sahihi zaidi, kwa kuwa kuachana hakudai mwendo. Hoja yao ina nguvu. Tulichowajibu ni kwamba kuachana kumekwisha kuzama katika ndoa, kiasi kwamba darasa zima lilicheka tulipolijaribu neno hilo. Na darasa likicheka neno siku ya kwanza hulikumbuka kicheko, si maana. Huenda tumekosea. Mwalimu atakayelijaribu mwachano kwa muda wa muhula mmoja na kulifanikisha atakuwa ametupa ushahidi bora kuliko mabishano yetu.

Tena mpishano haulifai lile bomba la breki. Bomba la breki na bomba la ekzosi vyote vimetulia, havipishani. Adui hapo ni joto, wala si kugusana, na ndiyo maana kidole kilichopita katikati hakikumsaidia mtu. Kwa hili hatutaki istilahi mpya kabisa. Neno umbali latosha, mradi liambatane na sababu yake: "Tenga bomba la breki mbali na ekzosi, joto huchemsha fluidi." Kitenzi kutenga, alichokitumia yule mzee, kina amri ndani yake ambayo nomino yoyote ingeipunguza. Twasisitiza jambo hili kwa wafasiri wanaoamini kwamba kila neno la orodha ya Kiingereza lazima lipate mwenzi wake katika safu ya kulia. Safu ya kulia wakati mwingine yapaswa kuwa sentensi.

Kuna mambo mengine katika tafsiri hii tutakayoyapitia upesi. Mfasiri aliita feni ya injini pangaboi. Neno hilo ni zuri kwa kile kinachoning'inia darini katika ofisi za pwani, lakini halijawahi kukaa mbele ya injini, na mafundi walilishangilia kama mzaha. Aliita mafuta kila kitu kinachotiririka: dizeli ni mafuta, oili ya injini ni mafuta, fluidi ya breki ni mafuta ya breki. Katika gereji hilo ni hatari. Mtu akiambiwa "ongeza mafuta" anapaswa kujua ni kopo gani, na mafundi wametatua jambo hilo zamani kwa kuazima oili na kuliachia mafuta kazi yake ya kuchoma. Hapa neno la kigeni limeikoa maana ya neno la Kiswahili, jambo ambalo watetezi wa usafi wa lugha hawapendi kulisikia. Sampu, rejeta, difu na ekzosi hatuna ugomvi nayo. Yamekwisha kukubali ngeli zetu, na hakuna anayeyaona ugeni isipokuwa sisi tulio ofisini.

Utaratibu uliozoeleka wa kutafuta istilahi, yaani kuanza na Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, kisha nyingine za Kiafrika, na mwisho lugha za nje, ni utaratibu mwema, lakini hutumika kana kwamba Kiswahili chenyewe kimo katika kamusi tu. Tangu Baraza lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na hata baada ya Kamusi ya Kiswahili Sanifu kutolewa mwaka 1981, desturi imekuwa kufungua kitabu kwanza. Hapo Same, hatua ya kwanza ya utaratibu huo ilikuwa imelala chini ya gari, mgongo kwenye gunia, ikizungumza. Upare haukosi mfano wa neno la mahali kushinda neno la mezani: mabwawa ya kunyweshea mashamba yaitwayo ndiva yameandikwa na wataalamu wa maji kwa jina hilohilo la Kipare, kwa kuwa hakuna lililoyaeleza vizuri zaidi. Wala kazi ya chuma si ngeni katika milima hiyo. Ukoo wa Washana wa Ugweno, upande wa kaskazini, ulisifika kwa uhunzi na ulishika utawala kabla ya Wasuya, kama alivyoonyesha Isaria Kimambo katika historia yake ya Wapare ya mwaka 1969. Mahali palipopima chuma kwa jicho kwa karne nyingi hapakosi maneno.

Kwa walimu tuna neno moja la ziada. Tuliona karatasi ya jaribio ambamo mwanafunzi aliulizwa aeleze maana ya nafasi katika ufungaji wa injini, akajibu, "ni sehemu kukaa mahali pake," akapewa alama zote. Mtahini naye alikuwa ameelewa kama mwanafunzi. Na kwa watumishi wa serikali wanaotayarisha fomu za ukaguzi wa magari: kisanduku kinachosema tu "nafasi ya sehemu za injini: inatosha / haitoshi" hakimwambii mkaguzi atazame nini, hivyo ataweka alama pale ambapo kalamu imeangukia.

Kabla hatujaondoka tuliuandika upya ukurasa wa tisa, tukausoma, tukausahihisha palepale. Sasa unaanza hivi: "Injini ikishakaa, tazama kila kinachozunguka na kila kinachopanda na kushuka. Je, kinapishana na jirani yake gari likiwa tupu? Likiwa na mzigo? Dereva akiongeza moto? Kisha tazama kila kilicho karibu na ekzosi. Kisichopenda joto kitengwe." Ukurasa huo umebandikwa ukutani juu ya meza ya spana. Tulipopita tena miezi michache baadaye ulikuwa umechafuka kwa oili, na ile sentensi ya mwisho, ambayo sisi tuliiona fupi na nzuri, ilikuwa imekatwa kwa kalamu. Chini yake mtu alikuwa ameandika: "Endesha mlimani nusu saa, rudi, gusa bomba la breki kwa mkono. Likiunguza, gari halitoki."